Naomba ushauri: wanafunzi wa darasa la sita wasioweza kusoma

Ndugu walimu na wazazi, habari za kazi. Ninafundisha darasa la sita katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, nchini Uganda, na baadhi ya wanafunzi wangu, hasa wale ambao hawakuwa na redio wala kitabu nyumbani shule zilipofungwa tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, wamepanda madarasa bila kujua kusoma. Msichana mmoja hukariri aya nzima aliyoisikia kwa wenzake, lakini nikimwonyesha neno moja peke yake, hawezi kulitamka. Nimejaribu masomo ya jioni. Wengi hawaji, kwani ndiyo saa ya kuchota maji, na siwezi kuwalaumu. Je, niwapangeje kwa kiwango cha kusoma ndani ya ratiba ya kawaida bila kuwaaibisha? Na nianzie Kiswahili wanachokizungumza, au Kiingereza cha mtihani?