Soketi nyuma ya TV ya ukutani: mafundi wawili, kauli mbili. Nimsikilize nani?

UmmuSalma_Fuoni

Assalaam alaykum. Naomba ushauri wa mafundi, na wa yeyote aliyekwisha kufanya kazi hii nyumbani kwake.

Nyumba ipo Fuoni, ukuta ni wa matofali ya saruji ya inchi 6, umeshapigwa plasta na rangi ya mwanzo tu. Mume wangu kaleta TV ya inchi 55, anataka itundikwe ukumbini na hataki kuona waya hata mmoja unaning'inia. Breketi aliyonunua ni ile bapa isiyozunguka. Nimeipima: ikishafungwa, baina ya ukuta na mgongo wa TV inabaki sentimita 3. Soketi iliyopo iko chini karibu na sakafu, mkono wa kulia wa pale TV itakapokaa.

Fundi wa kwanza anataka kutindua shimo kubwa nyuma ya TV ili soketi izame ndani kabisa. Wa pili alicheka. Kasema tutoboe matundu mawili tu, moja juu moja chini, waya wa TV upite ndani ya ukuta, utokee chini tuuchomeke kwenye ekstensheni nyuma ya kabati. Nimeangalia na video za Wamarekani, wao wanakata ukuta kwa kisu kama wanakata boga, boksi linaingia, kwisha kazi.

Na TV guard nayo, kile kiboksi cha kuikinga TV na umeme mbaya, itakaa wapi? Kule nyuma haiingii.

dau_la_mtende

Yakhe, mie waya wangu unaning'inia na wageni wanakuja, wanakula, wanaondoka. Nunua trankingi nyeupe, ule mfereji wa plastiki wa kufichia waya, ibandike wima, ipake rangi ya ukuta. Hela ya fundi mnunulie mumeo samaki.

Fundi_Jang'ombe

Wa alaykum salaam dada. Video ziweke kando kwanza. Marekani kuta nyingi za ndani ni nguzo za mbao zilizofunikwa bodi za jipsamu, katikati mna uwazi, ndiyo maana kisu kinatosha. Umeme wao wa soketi ni volti 120 na pini ni nyembamba. Yale maboksi yao ya kuzamisha, hata mtu akikuletea zawadi, hayakufai. Sisi ni volti 230 na plagi zetu ni za pini tatu nene, za Kiingereza.

Fundi wa pili mfute. Waya laini unaokuja na TV haukutengenezwa kuzikwa. Ukichubuka kwenye ncha ya tofali huuoni, ukipata moto huuoni, na siku ya kuubadilisha utavuta mpaka uchoke. Kinachopita ndani ya ukuta ni waya wa kudumu, tena ndani ya bomba lake. Ekstensheni nyuma ya kabati ndiyo usiseme: vumbi, joto, na mtoto akipita anaipiga teke.

Wa kwanza ana hoja, ila anachimba kuliko haja. Hesabu iko hivi. Uso wa soketi una unene wa sentimita 1 hivi. Plagi ikichomekwa inatokeza tena kama 3 mpaka 4. Wewe una 3 zote kwa jumla. Watu wanadhani boksi likishaingia ukutani basi soketi "imezama", kumbe kinachogonga TV ni plagi, na plagi iko nje ya ukuta palepale. Ili nayo iingie ndani, uso wa soketi urudi nyuma kama sentimita 3, halafu nyuma yake kuna boksi la sentimita 3 na nusu. Hapo umeshakula karibu nusu ya ukuta wa sentimita 15. Mie nafuata kipimo cha Waingereza: mfereji wa wima usizidi theluthi ya unene wa ukuta, wa mlalo usizidi sudusi. Kwako ni sentimita 5 wima, 2 na nusu mlalo. Shimo moja dogo haliangushi nyumba, lakini tofali zetu tunazijua. Likipasuka, ufa unatokea chumba cha pili.

Njia niipendayo ni kuiondoa plagi kabisa. Kuna kibao kisicho na matundu ya pini, kina kifyuzi chake na kitundu cha kutolea waya, kama kile cha hita ya maji. Boksi linazama kawaida, uso unatokeza sentimita moja, waya unatoka pembeni unaingia kwenye TV. Fyuzi weka ya ampea 3: mara volti 230 ni wati 690, na TV yako haikaribii huko. Waya wa TV za kisasa nyingi unachomoka, ule wenye tundu la namba nane. Nunua mwingine, ukate plagi ya huo. Wa kiwandani uweke na boksi lake mpaka waranti iishe.

UmmuSalma_Fuoni

Ahsante sana kaka. Sasa huo waya wa tundu la namba nane una nyaya mbili tu ndani, nimeuona. Ethi, ule waya wa ardhini, itakwenda wapi? Au tusihangaike nayo?

Fundi_Jang'ombe

Swali zuri. TV yenyewe haina haja nayo, imetengenezwa kwa insulesheni mara mbili, yaani tabaka mbili za kuzuia umeme. Lakini ethi lazima ifike mpaka kwenye boksi na ifungwe, hasa likiwa la chuma. Kesho mtaweka kitu kingine pale, na ukuta utakuwa umeshafungwa. Fundi akikwambia "hii haitumii ethi, tuokoe waya", mpe chai aende zake.

BintiKarafuu_Wete

Mmeiruka TV guard, na mie naona ndiyo nusu ya suala lake.

Huku Pemba tunaletewa umeme kwa waya wa baharini kutoka Tanga tangu 2010, nyinyi Unguja wenu unatoka bara unaingilia Fumba. Tukikatiwa tunakatiwa. Ila kukatika hakuui TV, kunakoua ni kurudi. Guard inausubiri umeme utulie, kama nusu dakika, ndiyo unaona taa inageuka kijani. Sasa ukifunga kibao cha Fundi Jang'ombe moja kwa moja kwenye sakiti ya soketi, TV iko uchi. Guard ni li-boksi, nyuma ya TV haikai hata ungekuwa na sentimita 6.

Kwetu tulifanya hivi. Juu, nyuma ya TV, kibao cha kutolea waya. Kutoka hapo bomba linashuka wima ndani ya ukuta mpaka usawa wa kabati. Chini kuna kibao kingine, nacho ni cha kutolea waya, kinatoa kipande kifupi chenye plagi ya kawaida. Plagi hiyo inaingia kwenye guard, guard inaingia kwenye soketi ya siku zote. Kwa hiyo kile cha juu hakina umeme wake, kinalishwa na guard. Ukitaka kuzima kwa radi za masika, unachomoa chini bila kuigusa TV.

Fundi_Jang'ombe

Hmm. Mwanzo nilitaka kubisha, maana mafundi hatupendi kitu cha ukutani kinacholishwa na plagi. Lakini kwa TV moja nakubali, kwa sharti mbili tatu.

Plagi ya chini iwe na fyuzi ya ampea 3, si ile ya 13 inayokuja nayo dukani. Ukifanya hivyo kibao cha juu hakihitaji fyuzi tena. Waya wa ndani ya bomba, wa milimita mraba 1.5 unatosha. Na juu usiweke soketi ya matundu, weka kitoleo tu. Ukiweka soketi, siku moja mtu atachomeka pasi pale akidhani ni soketi kamili.

La mwisho, na hili nalisema kwa sababu nimeliona kwa macho: asije fundi akakuwekea soketi ya kawaida chini na kuilisha kwa waya wenye plagi kila upande. Waya wa aina hiyo, ukichomeka upande mmoja, pini za upande wa pili ziko wazi na zina volti 230. Akikutajia, kazi imekwisha, mlipe alichofanya.

Baraza_la_Malindi

Wenzetu wa mji wa mawe tusifuate haya. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita au zaidi, na ndani hakuna mstari: grainda inakwenda vizuri kwa chokaa, ikikutana na jiwe inaruka. Ukichimba mfereji, pembeni panaendelea kumeguka wenyewe. Kisha fundi anaziba kwa saruji, unyevunyevu unakosa pa kutokea, chumvi inasukuma, na rangi inabambuka upande mzima. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na kabla ya kuanza kutindua jengo la zamani unapita kwanza Mamlaka ya Hifadhi. Kwa TV tu? Trankingi ya juu ya ukuta, na hata hiyo skrubu zake ziingie ndani ya jiwe, si kwenye chokaa. Hapa nipo na dau la mtende.

dau_la_mtende

Alhamdulillah, nimepata mtu.

Kijana_wa_Bububu

Nyote mnazungumzia umeme. King'amuzi je? HDMI, ule waya wa picha na sauti, je? Dada, kichwa cha HDMI kina upana wa sentimita 2 hivi, bomba la kawaida la milimita 20 halikipitishi. Weka bomba la pili, la maji la inchi 1 na nusu au 2, kwa ajili ya HDMI, waya wa antena na chochote kitakachokuja. Kona za ghafla usiweke, HDMI haikunji. Na acha uzi wa nailoni ndani, utanishukuru siku ya kuvuta waya mwingine.

Usipitishe umeme na HDMI bomba moja. Kwanza usalama, pili picha inaweza kukatikakatika na utamsingizia mwenye king'amuzi. King'amuzi chenyewe kikae kabatini, ukikificha nyuma ya TV rimoti haikioni.

UmmuSalma_Fuoni

Jazakumullahu kheri nyote. Nimerudi kupima. Mgongo wa TV yetu si sawa: nusu ya juu ni nyembamba, chini kuna kibonge chenye matundu ya waya. Zile sentimita 3 nilizotaja ni kwenye kibonge. Juu yake naona kama sentimita 6. Hilo linabadilisha kitu?

Fundi_Jang'ombe

Linabadilisha sana! Ndiyo maana huwa nasema mtu apime TV yake mwenyewe, asipime ya jirani. Ukiweka juu ya kibonge una nafasi hata ya plagi ya kawaida. Lakini kwa ajili ya guard mie bado nabaki na mpango wa Binti Karafuu, ila sasa huna presha ya milimita.

Kata kadibodi saizi ya TV, weka alama ya matundu manne ya breketi na alama ya kibonge, ibandike ukutani kwa tepu kwa urefu mtakaoutaka. Hapo ndipo uchague pa kitoleo. Muhimu: bomba litashuka wima kutoka kwenye kitoleo, kwa hiyo kitoleo kisikae juu ya mstari wa bolti za breketi. Bolti za breketi zinaingia sentimita 6, 7. Fundi wa umeme anaondoka, anakuja wa kutundika na drili, anaitafuta waya yako bila kujua. Bomba lishuke moja kwa moja, lisikate kona ya mshazari kufuata soketi ya kulia. Mshazari hakuna anayeweza kuukisia baadaye.

BintiKarafuu_Wete

Na boksi liwe la plastiki shoga yangu. Plasta nyingi visiwani imechanganywa mchanga wenye chumvi, boksi la chuma linaliwa na kutu mpaka skrubu zinakosa pa kushika.

UmmuSalma_Fuoni

Sawa. Fundi wa kwanza atakuja Jumamosi, nimemsomea haya yote kwa simu, kakubali ila kanuna kidogo. Kaniuliza kama kwenye bodi ya umeme kuna breka ya kukata umeme ukivuja. Mie sijui, naona vitufe tu.

Fundi_Jang'ombe

Kumbe si fundi mbaya huyo. Tafuta kilicho kipana kuliko vingine, kimeandikwa 30 mA na kina kitufe kidogo chenye herufi T. Bonyeza: kikiruka na umeme ukakatika, kizima. Kisiporuka, au hakipo kabisa, kianze hicho kabla ya TV. Kazi ikiwa inaendelea meni swichi izimwe, si swichi ya soketi tu, na apime kwa tesita kabla ya kutia mkono.

Kabla ya plasta: awashe, TV ifanye kazi kwa waya huohuo, kisha upige picha ya ukuta ukiwa wazi, tepu ya kupimia ionekane pembeni kuanzia sakafuni. Picha mtumie na mume wako, simu zinapotea.

Kijana_wa_Bububu

Na lile bomba la pili usisahau kumwambia. Kama kanuna, mtilie halua.