Mama wa Tukuyu anakuja Ujerumani mwezi mmoja, tumwandaeje?

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi. Mama yangu yuko Tukuyu, anataka kuja kwangu Leipzig mwezi wa 11 kumwona mjukuu. Atakaa kama mwezi. Ndege hajawahi kupanda, mwisho wa safari zake ni Dar. Kijerumani hajui, Kiingereza cha kuokoteza. Nianzie wapi?

*

Marahaba mdogo wangu, na hongera ya mtoto. Anza na viza, maana hiyo haina huruma. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku 15, ila hizo 15 usizisubiri. Ada ni euro 90, na bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Wewe huku nenda ofisi ya wageni uchukue Verpflichtungserklärung, ile karatasi ya kuahidi kwamba gharama zake zote ni juu yako. Bima isomeni vizuri, nyingi hazilipii ugonjwa aliokuja nao mtu. Kama mama ana presha, abebe dawa za mwezi mzima na akiba, kwenye paketi zake, na cheti cha daktari. Zikae begi la mkononi.

Viza ikitoka, hesabuni siku zilizoandikwa na mzilinganishe na tiketi. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka pia. Akipewa siku 30 akatua tarehe 2 Novemba, mwisho wake ni tarehe 1 Desemba. Ule mfumo wa mpakani ulioanza Oktoba 2025 unachukua picha ya uso na alama za vidole, na siku anahesabu kompyuta, si afisa mwenye roho nzuri.

Sasa tiketi. Ikisoma tarehe 2 Novemba, 03:15, hiyo ni saa tisa na robo usiku wa kuamkia tarehe 2. Mama anatakiwa awe uwanjani tarehe 1, kabla ya saa sita usiku. Kwetu ukimwambia mtu "usiku wa tarehe 2" anasubiri jua la tarehe 2 lizame kwanza. Kuna mzee alisindikizwa na ukoo mzima, na mbuzi alishachinjwa, wakafika uwanjani ndege ikiwa imeshatua Ulaya tangu asubuhi. Usimtumie tiketi kwenye simu ukadhani yamekwisha. Mwandikie kwa Kiswahili: tarehe 1, saa tatu usiku, toka nyumbani. Na asitoke Mbeya kwa basi siku hiyohiyo, lori likikwama Kitonga hakuna wa kulaumiwa. Aruke kutoka Songwe au awahi kufika Dar siku mbili kabla, akae kwa ndugu.

Chukua tiketi ya kubadilisha ndege mara moja tu, hata kama ya mara mbili ina bei nzuri. Unapokata, omba asaidiwe uwanjani kwa kiti cha magurudumu. Hailipiwi. Najua atasema yeye si mgonjwa, mwambie ndivyo wanavyopokelewa wakwe.

Baridi isikutie hofu, aliyekulia kwenye ukungu wa Rungwe haogopi Novemba. Wanaotetemeka ni wa Dar. Kinachowashinda wazazi wetu huku ni ukimya. Kwao chai haijachemka, watu watano wameshapita wakisema "ugonile". Hapa jirani wa mlango wa pili anafunga mlango taratibu ili asikutane naye. Saa kumi na nusu jioni giza linaanza kuingia. Wiki ya pili anaanza kuuliza ndege ni lini. Kwa hiyo mpe kazi: jiko liwe lake, mtoto amwogeshe yeye. Mfundishe njia moja tu, nyumbani hadi duka la mikate na kurudi, aizoee mpaka aende peke yake akiwa na anwani yako mfukoni. Na kama ni Mmoravian, mpeleke Herrnhut, iko hukohuko Saxony. Kanisa lililotuma wamisionari waliofungua Rungwe mwaka 1891 lilianzia pale. Mama mmoja niliyempeleka aliongea habari za safari ile kuliko za Berlin yote.

*

Dada mkubwa amesema, mimi naongezea mizigo tu. Nyama na maziwa haviingii, hata kidogo, hata ikiwa ya kukaushwa. Parachichi bila cheti cha afya ya mimea wanalitupa. Ndizi zinaruhusiwa bila cheti, kwa hiyo mama wa Tukuyu ana bahati. Dagaa wakavu, wale usipa wa Kyela, ruksa hadi kilo 20, ila awafunge vizuri la sivyo begi zima litanuka. Asali isizidi kilo mbili.

*

Asante sana wakubwa. Parachichi nimeshamwambia, amenuna, anasema Wazungu wanazinunua kwetu halafu wanamkatalia yeye. Sijapata jibu. Je, usafiri wa ndani nimkatie tiketi gani?

*

Chukua Deutschlandticket, euro 63 tangu Januari 2026, mabasi, tramu na treni za mkoa zote, hata safari ya Herrnhut imo. Treni za mwendokasi hazimo. Ni ya mwezi wa kalenda na inajirudia yenyewe, kwa hiyo ivunje kabla ya tarehe 10 Novemba kupita, usije ukalipia na Desemba. Akiondoka tarehe 1 Desemba, ya kwenda uwanjani mkatie peke yake. Wakimkuta hana tiketi faini ni euro 60. Na weka jagi chooni, huku ni karatasi tu. Jumapili maduka yamefungwa, unga ununue Jumamosi.