Vipande vya kenchi vinafaa kumchongea mtoto vibao vya kujengea?

MamaTunu_Nzuguni
Mbukwenyi wana Dodoma. Jirani yangu anapaua, mafundi wameniachia vipande vya mbao za kenchi bure, karibu nusu kiroba. Binti yangu ana mwaka na nusu, kutwa anapanga vifuniko vya ndoo na kuvibomoa, nikaona nimchongee vibao vya kujengea. Nina msumeno wa mkono na msasa. Baadhi vina ukijani fulani, nadhani ni unyevu. Naanzia wapi, na nipake rangi gani?

FundiRanda
Dada, huo si unyevu, ni dawa! Mbao za kenchi zenye ukijani mara nyingi zimetiwa dawa ya mchwa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Kule juu darini haina neno. Mdomoni mwa mtoto, hapana. Na usije ukazichomea ugali, moshi wake na majivu yake ni sumu.

Pita kwa seremala ununue paini isiyo na dawa, 2x2, iliyokauka vizuri. Mbichi itakusinyaa na kupinda. Paini ni nyepesi, hata ikimdondokea kidoleni kilio kitakuwa kifupi. Mninga watakusifia, na kweli haupindi ovyo, ila vumbi lake linawasha pua na kifua, halafu bei yake siku hizi waachie wenye kununua vitanda vya harusi.

Kazi yenyewe iko kwenye vipimo. Mwombe seremala akupigie randa pande zote nne, kisha pima unene uliobaki. Tuseme ni sentimita 4: kata vya 4, vya 8 na vya 16. Vifupi viwili vikibebana vinafikia kimo cha kile cha 8, basi daraja linakaa sawa na mnara unapanda. Usipime kila kipande kwa futi kamba, milimita zitakuchezea. Pigilia kijiti cha kuzuia mezani, sukuma mbao mpaka iguse, kata, sukuma tena. Vyote vitatoka ndugu.

Msasa anza na namba 80, malizia na 180. Kazania kingo na pembe, mpaka ukipitisha soksi ya nailoni isinase popote.

Mzee_wa_Manyoni
Fundi kamaliza. Rangi achana nayo, mwanangu, rangi nyingine za mafuta zina madini ya risasi, na huyo wa kwako bado yuko kwenye kutafuna. Chukua nta ya nyuki, huku kwetu haikosekani. Weka kwenye kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto iyeyuke, usiibandike motoni moja kwa moja. Tia mafuta ya alizeti kidogo, paka kwa kitambaa, futa. Nasema kidogo! Yakizidi, vibao vitanata na kuzoa vumbi lote la Nzuguni.

MamaTunu_Nzuguni
Asante fundi, shikamoo mzee na asante. Kenchi narudisha leo leo. Vya mviringo je? Nina mpini wa jembe uliovunjika.

Mzee_wa_Manyoni
Marahaba.

FundiRanda
Mpini unafaa kama haukuwahi kulowa dawa za shambani. Ila kata vya 16 tu. Kipande kinachozama chote ndani ya kile kiboksi cha duara kinachobaki toilet pepa ikiisha, usimpe mtoto wa chini ya miaka 3, kitamkaba.