Ushauri: Wageni sita wa meli ya kitalii wanataka kutembezwa Kilwa Kisiwani peke yao, muda ni saa saba tu

MtaaWaRasbura (Lindi mjini):
Wakuu, habari za leo. Nina leseni ya kuongoza watalii, ila kazi yangu kubwa ni ya barabarani, meli si eneo langu. Familia ya watu sita (wazee wawili wa miaka sabini na kitu, watu wazima wawili, vijana wawili) watakuwa kwenye meli itakayotia nanga Kilwa Masoko. Hawataki kundi la watu mia. Wanataka mwongozaji wao na boti yao, waelezwe magofu kwa utulivu. Meli inatia nanga saa 1 asubuhi, boti ya mwisho ya kurudisha abiria melini ni saa 8 mchana. Siku yenyewe inaangukia siku mbili baada ya mwezi mpevu. Wameuliza pia kama Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu, inawezekana siku hiyohiyo. Nianzie wapi, nipange vipi, na nini huwa kinaharibu safari za namna hii? Naomba mnieleze kwa undani.

Nahodha_Pande:
Mkuu, hapo ulipotaja mwezi ndipo pa kuanzia. Hiyo ni bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana. Pwani yetu, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hupwa kabisa kwenye saa 4 asubuhi na kujaa kwenye saa 10 jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika hamsini. Kwa hiyo siku yako maji yatakuwa yamejaa karibu saa 12 asubuhi na yatapwa kabisa karibu saa 6 mchana. Dakika kamili zichukue kwenye jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari, usitegemee makadirio yangu.

Sasa uone maana yake. Maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti yote ya kujaa na kupwa mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza linaondoka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Bamvua hapa tofauti ya kujaa na kupwa hupita meta tatu. Ikifika saa 3 asubuhi nusu ya maji imeshaondoka, na saa ile ndiyo yanakimbia kuliko wakati wote. Nahodha akiegesha boti ufukweni saa 4 akaenda kunywa chai, boti itapwelewa na haitaelea mpaka karibu saa 8 mchana. Boti yenu ya mwisho inaondoka saa 8. Hesabu mwenyewe.

Dawa yake: nahodha abaki na boti ikielea, asogee na maji, na awe na msaidizi wa kushika kamba. Watu wawili kwenye boti, siyo mmoja.

BintiKivinje:
Kabla ya boti kuna karatasi, kaka. Huwezi kusogeza boti yako ubavuni mwa meli ukachukua abiria. Nahodha wa meli hakubali, na abiria wanahesabiwa kutoka na kurudi. Wageni wako washuke kwa boti za meli kama wenzao, mkutane nchi kavu. Lazima ujue mapema meli itashusha wapi: wengine wanashushwa gati la Masoko, wengine wanapelekwa moja kwa moja Kisiwani kwa boti za mpira. Anayejua ni wakala wa meli. Mtafute sasa, mpe majina ya wageni kama yalivyo kwenye pasipoti, jina lako na namba ya leseni yako. Wakala ndiye anayezungumza na Uhamiaji na Bandari. Ukiruka hatua hii, utasimama ufukweni na kibao chenye majina huku wageni wako wakiingizwa kwenye kundi kubwa.

Magofu yanasimamiwa na TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Kibali cha kuingia kinachukuliwa Masoko kabla ya kuvuka, siyo kule kisiwani. Omba namba ya kumbukumbu ya malipo siku mbili tatu kabla, lipa, chapisha risiti. Siku ya meli foleni ni ndefu na mtandao ukikwama hakuna wa kukusaidia. Chukua pia mwongozaji wa hapohapo kisiwani hata kama wewe una leseni. Anajua njia za mashambani, anajua nyumba zipi zina msiba siku hiyo, na pesa inabaki kwa wenyeji.

Bei uwatajie kwa shilingi. Tangu 2025 kanuni zinakataza kutaja na kupokea bei za huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Kisiwani hakuna benki, kwa hiyo wabadilishe kabla, au walipe kila kitu kabla ya safari na wabaki na noti ndogo za kununulia vitu.

Mawe_na_Chokaa:
Songo Mnara iondoe kabisa. Ni kusini zaidi, na kuingia kule ni kupitia mikoko. Maji yakipwa unatembea kwenye tope mpaka magotini, na wazee wa miaka sabini hawaliwezi. Siku yenu maji yanapwa mchana katikati, yaani mtafika kavu na kuondoka kavu. Anayekuuzia visiwa viwili ndani ya saa saba za bamvua anakuuzia safari ya kukaa kwenye boti.

Kisiwani peke yake panatosha, ila geuza mpangilio uliozoeleka. Karibu kila kundi huanzia Gereza (ngome ya kale ufukweni), likaenda Msikiti Mkuu, likaishia kasri la Makutani, na kasri la Husuni Kubwa likakosa muda. Nyinyi anzeni Husuni Kubwa. Ipo mashariki, karibu kilometa mbili kutoka Msikiti Mkuu, juu ya jabali linalotazama bahari. Kwa boti asubuhi mapema bado mna maji ya kusogelea ufuko wa chini yake. Saa 2 na robo iwe mwisho wa kushusha watu pale. Mkichelewa, msilazimishe: shukieni Gereza, atakayeweza kutembea atembee.

Ratiba ningeiweka hivi. Kukutana saa 1 na dakika 40, kuvaa jaketi okozi na kuondoka. Husuni Kubwa saa 2 na dakika 5, mkae dakika hamsini. Halafu mtembee kurudi magharibi kwa njia ya mashambani, dakika thelathini na tano kwa mwendo wa wazee, jua likiwa bado la kuvumilika. Wakati huo boti inazunguka kwenda kusubiri mbele ya Gereza. Msikiti Mkuu mkae saa moja nzima. Msikiti mdogo wa kuba dakika ishirini. Makutani nusu saa. Gereza mwisho, muwe ndani ya boti saa 6 na nusu. Hapo mnabakiwa na saa moja na nusu ya akiba, na akiba hiyo usiiguse hata wakikuomba.

MtaaWaRasbura:
Asante sana dada BintiKivinje, asante Nahodha. Mawe_na_Chokaa, naomba unisaidie na maelezo yenyewe. Wageni hawa wamesoma, sitaki kuwapa hadithi za kukariri.

Mawe_na_Chokaa:
Vizuri umeuliza, maana safari ya faragha bila maelezo ya maana ni kundi dogo tu.

Husuni Kubwa ni kasri la mwanzo wa karne ya 14, la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na lina vyumba zaidi ya mia. Waonyeshe birika la kuogea la pembe nane, kisha wasimamishe ukingoni watazame bahari. Waeleze kwa nini liko hapo: kila chombo kilichoingia bandarini kilionekana. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa 1331 enzi za sultani huyuhuyu. Dhahabu ilishuka kutoka bara, eneo la Zimbabwe, hadi Sofala, ambayo leo iko Msumbiji, na Kilwa ndiyo iliyoshika biashara ile. Sarafu ya sultani huyu imepatikana kwenye magofu ya Great Zimbabwe. Ushahidi huo unawatosha watu waliosoma. Kasri halionyeshi dalili za kukaliwa muda mrefu, na hata kumalizika halikumalizika. Waachie swali hilo, litazaa mazungumzo njia nzima.

Msikiti Mkuu usiuingie kwa kukimbilia picha. Anza sehemu ya kaskazini, ndiyo ya kale, ya karne ya 11 na 12. Ilikuwa na nguzo tisa zilizobeba dari bapa. Halafu ingia upande wa kusini, upanuzi wa karne ya 14 wenye makuba. Hapo mwambie kila mmoja asogee ukutani, aangalie jiwe kwa karibu, bila kugusa. Utaona mashimo madogomadogo kama ya sega la nyuki: ni matumbawe. Kuna aina mbili za kazi. Mawe ya ukuta ni ya kuchimbwa nchi kavu, magumu na ya maumbo yoyote, yamelazwa kwenye chokaa nene. Mapambo, kingo za milango na mihrabu ni tumbawe lililokatwa baharini likiwa bichi, maana likiwa bichi linachongeka kama mbao, likikauka linakakamaa. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuri la magogo. Eleza na hili la ukarabati: ukiziba ufa kwa saruji, saruji ni ngumu kuliko jiwe na haipitishi unyevu, chumvi inajikusanya nyuma yake na jiwe linamomonyoka pembeni. Ndiyo maana mafundi wanarudi kwenye chokaa.

Kwenye msikiti mdogo wa kuba waangalie juu, darini. Kuna alama za bakuli za vigae zilizopachikwa. Makutani ni kasri lililopanuliwa karne ya 18, kuta zake ndefu zinafaa kueleza kwamba Kilwa haikufa na Wareno. Gereza ndipo pa kumalizia habari hiyo: Vasco da Gama aliidai Kilwa kodi 1502, Francisco de Almeida akaishambulia 1505 na kujenga ngome, Wareno wakaondoka 1512. Jengo mnaloliona sasa kwa sehemu kubwa ni la Waomani, la karibu mwaka 1800. Wengi huwaambia wageni kwamba lote ni la Wareno, na mgeni aliyesoma atakusahihisha mbele ya wenzake.

Usisahau kusema kwamba magofu haya, pamoja na Songo Mnara, yaliingia Urithi wa Dunia 1981, yakawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, yakaondolewa 2014 baada ya kazi kubwa. Hiyo ni habari njema ya nyumbani, isemwe kwa sauti.

Mama_Nangurukuru:
Niongeze ya wazee, maana hayo ndiyo yanayosahaulika. Wamwombe daktari wa meli ushauri wa dawa zao kabla ya kushuka. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu, na katoni moja ya akiba kwenye boti. Viatu vya kufunga, vinavyoweza kulowa, kwa sababu kushuka ni ndani ya maji ya magotini na chini kuna matumbawe yanayokata. Kandambili ziachwe melini. Beba kigoda kigumu cha mbao cha kukanyagia wakati wa kushuka na kupanda boti, na mtu wa kushika mkono kila upande. Wazee wengi wanaumia hapo, siyo magofuni. Mkeka mmoja na khanga tatu nne pia: mkeka wa kupumzikia kivulini, khanga za kujifunga wenye nguo fupi. Watu wanaishi pale, ni Waislamu, wapite kijijini kwa heshima na waombe ruhusa kabla ya kupiga picha watu. Msalani waende melini.

Na uwaambie mapema kabisa: kigae kilichovunjika au sarafu ikionekana chini, inabaki chini. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu hivyo. Mtoto akiwauzia sarafu wasinunue. Mifuko ya plastiki ya kubebea isije nayo, imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Droni inataka kibali cha mapema, bila kibali ibaki melini.

MtaaWaRasbura:
Shikamoo mama, nimeyachukua yote. Swali la mwisho: nikodi boti moja au niunganishe mbili? Na saa nitawaambiaje wageni?

Nahodha_Pande:
Boti moja ya injini ya kubeba kumi na mbili. Kagua cheti cha ukaguzi cha TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), jaketi okozi za idadi ya watu wote pamoja na mabaharia, mbili za akiba, na ndoo ya kukombea maji. Injini ya pili hata ndogo, au makubaliano ya maandishi na boti nyingine iliyo tayari Masoko. Injini iwashwe jioni ya kuamkia safari, siyo asubuhi yake, na mafuta yajazwe usiku huo. Jahazi la matanga ni zuri kwa picha, lakini kwa mtu mwenye meli inayomsubiri, tanga linategemea upepo.

Saa ndiyo inayopoteza watu. Meli ikitoka Shelisheli, saa za melini zinaweza kuwa mbele kwa moja. Ikitoka Msumbiji, zinaweza kuwa nyuma kwa moja. Muulize wakala meli itatumia saa ipi siku hiyo. Kisha kwa wageni andika 07:40, kwa nahodha na mwongozaji wa kisiwani andika saa 1 na dakika 40 asubuhi, zote kwenye karatasi moja, kila mtu apewe nakala. Ukikutana nao, kabla hamjapanda boti, linganisheni saa za mkononi.

BintiKivinje:
Na kaka, lala Masoko usiku wa kuamkia. Usitoke Lindi alfajiri. Kama kuna gari au mtu anatoka Dar, aulize hali ya barabara ya Somanga kwanza, mvua za 2024 ziliikata. Namba ya wakala wa meli iandike pia kwenye karatasi, simu ikizima chaji uwe nayo.