Nimempiga Richter, gemu likaisha: Symphony of the Night ndiyo hii tu? Naombeni ushauri

Kinda_la_Popo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Kuna jambo linanitatiza kuhusu Castlevania: Symphony of the Night, lile gemu la Konami lililotoka kwenye PlayStation mwaka 1997. Nimelisikia likisifiwa miaka mingi, mwezi huu nikaamua kulicheza mwenyewe.

Mwanzo ulinishika vibaya sana. Unaingia ngomeni ukiwa Alucard, mwana wa Dracula, umevaa zana nzito, kila kinachokuja unakiangusha bila jasho. Mara Mauti anakutokea njiani, anakupokonya vyote, unabaki mikono mitupu. Kuanzia hapo kila kisu nilichookota nilikiona mali. Nikipanda levo (daraja la nguvu za mhusika) nilikuwa nasimama kwanza kuangalia nguvu na bahati zimeongezeka kiasi gani.

Sasa nimefika juu kabisa ya ngome, nimepigana na Richter Belmont, yule mwindaji wa wanyonya damu, ameanguka, majina ya watengenezaji yamepita kwenye kioo. Imekwisha. Muda wa saa 7 hivi, na Dracula sikumwona tena baada ya lile pambano la utangulizi. Nilikaa na pedi mkononi nikihisi nimeporwa kitu.

Maswali yangu mawili. Kwanza, hili ndilo lote? Pili, nina mdogo wangu wa kike anayependa magemu ya kurukaruka, ila akitumbukia shimoni mara tatu anaacha na harudi tena. Litamfaa? Nielezeni uzuri na ubaya wake bila kunificha, kwa sababu nikimpa kitu cha kumkatisha tamaa sitapata nafasi ya pili.

Fundi_wa_Saa

Mkuu, hujamaliza. Uko nusu ya safari. Gemu lina miisho minne, na huo ulioupata ndio mbaya kuliko yote.

Rudi kwenye hifadhi yako (pale ulipohifadhi gemu) ya kabla ya pambano. Kuna pete mbili, ya dhahabu na ya fedha. Soma maelezo ya zote mbili kwa pamoja, utaelewa pa kuzivalia. Kama bado unakwama: ni kile chumba chenye saa kubwa katikati ya ngome, ambacho bila shaka umekipita mara kumi. Sakafu itafunguka, chini utamkuta Maria, msichana anayemtafuta Richter, atakupa miwani. Ivae unapokwenda kwa Richter. Utaona tufe la kijani linaelea juu yake. Piga tufe, mwache yeye.

Kitakachofuata sikwambii. Ramani yako ikizidi asilimia 100 usidhani imeharibika.

Mama_Levo

Naanzia kwa mdogo wako, maana swali lake ndilo zito.

Mwambie hivi: katika gemu hili hakuna shimo la kuua. Castlevania ya kwanza, ya 1986, popo akikugusa ukiwa ukingoni unasukumwa nyuma, unatumbukia, uhai umeenda. Hapa ukikosa mruko unaangukia chumba cha chini, pengine ukagundua mlango ambao hukuujua. Kwa mtu wa aina yake hilo ni kubwa mno.

Halafu kuna levo. Magemu mengi ya kuruka yanakudai kitu kimoja tu, vidole. Vikishindwa, huna njia nyingine. Hapa ukishindwa na bosi (adui mkubwa wa eneo) unageuka, unazunguka vyumba ulivyovijua, unaua mifupa na wanyama, unapanda levo mbili, unarudi ukiwa na ngao bora. Vyumba vya kuhifadhi vinakurudishia afya yote. Baadaye kuna viumbe wasaidizi. Yupo kichimbakazi mwenye mabawa anayekutumilia dawa ukizidiwa, mradi uwe nazo. Nao wasaidizi wanapanda levo zao wenyewe kadiri unavyotembea nao.

Mimi nilikuwa mchezaji wa kuacha magemu katikati. Hili nililimaliza, na nikalia mwishoni. Mpe.

Mruko_Mmoja

Heshima kwako Mama_Levo, lakini ndugu yetu aliomba ubaya pia, na upo.

Levo hizo hizo unazozisifu ndizo zinazoua mruko. Mwanzoni unapima kila hatua. Ukipata jiwe la kuruka mara mbili, bado sawa. Ukipata uwezo wa kugeuka popo, majukwaa yote ya ngome yamekuwa mapambo, unapaa tu pembeni yake. Ule mnara wa saa wenye vichwa vya Medusa vinavyokuja kwa mawimbi ni mahali pa pekee ambapo nilirudi kuhisi niko kwenye gemu la kuruka, na hata pale popo anakuvusha ukiwa mvumilivu.

Mizani ya ugumu imekaa kinyume. Sehemu ngumu kuliko zote ni saa la kwanza. Baadaye ukipata upanga uitwao Crissaegrim, unaokata mara nne kwa kubonyeza mara moja huku unatembea, hakuna bosi atakayekusumbua. Gemu la awali halina hata chaguo la kuongeza ugumu. Kosa si kwamba silaha kali ipo. RPG yoyote (gemu la kukuza nguvu za mhusika) inayo. Kosa ni kwamba maadui hawakupandishwa kuifuata.

Dawa nazo: lazima ufungue menyu, uweke chupa mkononi mahali pa silaha, urudi, uitumie, ufungue tena menyu kurudisha upanga. Chakula ndiyo kabisa, Alucard anakitupa chini na wewe ukiokote. Ukiwa mbele ya bosi hilo ni teso.

Nusu ya pili sitaisema sana nisimharibie, ila muziki unajirudia eneo hadi eneo, na hiyo inauma kwa sababu nusu ya kwanza Michiru Yamane alitunga kila eneo na roho yake.

Mama_Levo

Mruko_Mmoja, kuhusu menyu ya dawa sina la kukutetea. Ubaya mtupu.

Ila kuhusu popo nakataa. Kuruka si lengo la ngome hii. Lengo ni kujua mahali. Unapita chini ya dirisha la juu saa la kwanza, huwezi kulifikia, unalibeba kichwani. Saa la nne unageuka popo, na kitu cha kwanza unachokumbuka ni lile dirisha. Mashimo ya kuua yangeniondolea hamu ya kurudi kutazama.

Pembetatu_ya_Njano

Naingilia kidogo. Mnabishana kana kwamba levo na mruko haviwezi kukaa nyumba moja. Vinaweza, inategemea levo inapandisha nini.

Zelda II, gemu la Nintendo la 1987, ilijaribu mapema: unapandisha shambulio, uchawi na uhai. Lakini ukimaliza roho zako unarudishwa mwanzo wa safari na pointi ulizokusanya zinapotea. Adhabu juu ya adhabu. Kwa mdogo wa Kinda, hapana kabisa.

Cave Story ya 2004, aliyoitengeneza Daisuke Amaya peke yake, ilipata jibu zuri sana. Mhusika hapandi levo. Bunduki ndiyo inayopanda, kwa kuokota pembetatu za njano. Ukiguswa na adui, bunduki inashuka. Kwa hiyo kila mruko una thamani, hata ukiwa na silaha kali. Hollow Knight ya 2017 nayo iliacha levo za namba, ikakupa hirizi na nafasi chache za kuzivaa, ni lazima uchague.

Symphony haikuwaza hivyo. Inakupa kila kitu na hainyang'anyi tena baada ya Mauti. Ni gemu karimu, na ukarimu wake unaisha ladha mapema kwa mchezaji mzoefu. Kwa anayeanza ni baraka.

Fundi_wa_Saa

Mruko_Mmoja, kuna dawa ya kilio chako, ipo ndani ya gemu lenyewe. Ukishalimaliza vizuri, anza hifadhi mpya na uandike jina RICHTER. Utacheza ngome hiyo hiyo na mjeledi, bila levo, bila nguo za kubadili, bila popo. Vyumba ulivyopaa juu yake utavipanda kwa miguu. Mimi ndipo nilipoona kwamba wachoraji wa ramani walijua kupanga mruko. Alucard tu ndiye anayetusahaulisha.

Kinda, ushauri wangu kwa nusu ya pili: usivae silaha kali kuliko zote kwa sababu tu unayo. Chagua upanga unaoupenda mwendo wake. Halafu jiandae kwa bosi aitwaye Galamoth, ana afya 12,000, hata wababe wa levo anawasimamisha.

Kinda_la_Popo

Wakuu, nimerudi. Nimepiga tufe.

Nimesimama nikaitazama ile ngome ya pili juu chini, dari imekuwa sakafu, ngazi zinaning'inia. Nilizima kwanza nikapumua. Mruko_Mmoja, muziki kweli unajirudia, nimeusikia tayari maeneo matatu. Lakini nilipoingia chumba cha saa kilichopinduka nilikijua mara moja, na mwili ukanisisimka.

Mdogo wangu ameanza jana kwenye hifadhi yake. Amekwama kwa Slogra na Gaibon, wale wawili wanaokuja pamoja kwenye maabara. Alikufa mara nne. Nilikuwa nasubiri aweke pedi chini. Akaniuliza, "Kaka, nikirudi nyuma kuua wale wa mwanzo, napata nguvu?" Nikamwambia ndiyo. Akarudi. Leo asubuhi amewashinda, na levo zake zimezidi nilizokuwa nazo mimi mahali pale.

Nilitaka kumwambia habari za pete. Amenikataza nisimwambie chochote.