Nimepigwa Durban mchana kweupe: nimelipia bahari, nikaishia kuipiga picha

Wakuu, habari za jioni. Hili jambo nimekaa nalo wiki mbili, shemeji yenu ananiambia niliache lipite, lakini kila nikiiona ile risiti kwenye simu napandwa na hasira upya. Someni mpaka mwisho kabla hamjanirushia mawe.

Kuna kijana wa dada yangu, ana miaka 17, kidato cha nne kafaulu kuliko tulivyotegemea. Nilikuwa nimemwahidi akifaulu nampeleka anakotaka. Nilijua atasema Zanzibar au Ngorongoro, nimalize kwa bei ya mzawa. Mtoto akasema Durban. Eti akajifunze kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, kama wale anaowatazama kwenye simu usiku kucha.

Nikamuuliza, bahari si ipo hapa Coco, na mihogo juu? Akanicheka. Kumbe kwetu matumbawe yanalivunja wimbi huko huko mbali, pwani yanafika maji yaliyokwisha choka. Durban haina boma hilo, bahari inakuja nzima nzima mpaka kwenye mchanga. Ndiyo maana mji ule ukatoa bingwa wa dunia wa mchezo huo, Shaun Tomson, mwaka 1977. Mjomba mtu nilisomeshwa haya yote kwenye ndege kutoka Johannesburg, sina pa kukimbilia.

Sasa twende kwenye kilichonileta. Kuna wakala wa safari, ofisi yake iko Kariakoo, jina nalihifadhi. Alituuzia kifurushi: tiketi, nyumba "hatua chache kutoka ufukweni", na masomo ya ubao siku 3 kwenye shule moja ya huko huko. Nilimuuliza kwa mdomo wangu: mwisho wa mwezi wa 6 si ndiyo majira yao ya baridi, hatutaganda? Akasema, "Bosi, Durban jua mwaka mzima." Na hapo, haki ya Mungu, hakudanganya. Mchana nyuzi 22 au 23, mawingu hakuna, maji ya bahari yana uvuguvugu kwa sababu ya mkondo unaoshuka kutoka upande wa Msumbiji. Asubuhi upepo unatoka bara, mawimbi yanakuja yamenyooka, moja baada ya jingine. Mimi mtu wa Tanga niliyezoea vurugu za kusi miezi hiyo, nilibaki kuangalia tu. Kwa hewa sina neno.

Nyumba ndiyo ilianza kunipa wasiwasi. Ghorofa ya 11, lifti mbovu. Ile bahari ya kwenye picha unaiona ukitoa kichwa nje ya roshani, katikati ya majengo mawili, kipande kama kanga moja iliyoanikwa. Nikameza. Tumekuja kuteleza, hatukuja kukaa roshani.

Siku ya somo la kwanza saa 12 na nusu asubuhi tuko ufukweni. Dogo amevaa kabisa. Tunakuta bendera nyekundu na kibao: kuogelea marufuku. Mlinzi wa ufukwe, kijana wa Kizulu mstaarabu sana, akaniita "baba" (hilo neno lao na letu ni moja) akanieleza kinagaubaga. Durban wana nyavu za kuzuia papa tangu 1952. Sasa kila mwaka majira haya sadini wanapanda kutoka kusini kwa mamilioni wakifuata pwani, na nyuma yao wanakuja papa, pomboo, ndege, kila mla samaki. Nyavu zikiachwa majini zinanasa viumbe vyote hivyo, kwa hiyo zinatolewa. Na nyavu zikitolewa, watu hamuingii majini. Mpaka samaki wapite, baba.

Nikasema sawa, kudra. Nikauliza tu kwa udadisi, zimetolewa lini? Akasema leo siku ya 5.

Wakuu, siku ya 5! Mimi salio la masomo nimelipishwa siku 2 kabla, kwa ujumbe wa simu: "Tafadhali malizia tukuhifadhie nafasi." Yaani mtu anaamka asubuhi, anaona bendera nyekundu nje ya dirisha la ofisi yake, kisha anaketi anamwandikia mteja wa Dar amalizie salio. Na sadini siyo tukio la kushtukiza. Wenyeji wanawajua wale samaki kama sisi tunavyoijua masika. Hakuna mtu wa Durban anayeweza kuniambia hakujua, na wakala anayeuza Durban kila mwezi naye asiniambie hakujua.

Kwenye ile shule nikamkuta dada mmoja mapokezi. Akasema bima yao hairuhusu kumwingiza mwanafunzi majini ufukwe ukiwa umefungwa. Hilo naelewa, na mimi sitaki mtoto wa watu aliwe na papa. Nirudishieni hela. "Hali ya bahari haiko mikononi mwetu, masharti yako nyuma ya risiti." Nageuza risiti, maandishi kama mayai ya chawa. Wakanipa vocha, nirudi ndani ya miezi 12. Vocha! Mimi nakaa Tabata, sikai ng'ambo ya barabara.

Dogo hakusema kitu. Alikwenda kusimama kwenye gati anawaangalia wenyeji wachache wakaidi walioingia majini kwa hatari yao wenyewe, na kila mmoja akiinuka juu ya ubao, yeye huku juu anakunja magoti kidogo. Sidhani kama alijua anafanya hivyo. Nilitamani kurudi pale mapokezi nimpindulie yule dada meza.

Siku ya 3 wavuvi wakakokota juya pale pale ufukweni, ikawa sherehe. Kina mama wa Kihindi na ndoo, wazee na mifuko ya plastiki, watoto wanaokota sadini wanaopapatika kwenye povu. Kreti zinauzwa hapo hapo, bei inabadilika kila dakika. Dogo akaingia maji ya kifundo cha mguu, akarudi na sadini mmoja mkononi. Huyo ndiye samaki wa masomo yetu ya rand 1,500.

Mnafikiri yameisha? Nyumba niliweka amana ya rand 2,000. Tumerudi Dar, siku ya 4 inakuja picha: sakafu ya bafu, vigae vyeupe, na mchanga kama wa kijiko kimoja cha chai umezunguka tundu la maji. Amana yote imekwenda kwa fundi bomba. Mchanga! Nyumba mnaiuza kwa ajili ya mchanga, tangazo lina neno "ufukwe" mara sita, halafu mteja anatozwa kwa sababu mguu umerudi nao! Na mguu wenyewe haujaoga bahari.

Jumla rand 3,500, kwa pesa yetu zaidi ya laki tano. Wakala nikimpigia, "Mzee, mimi ni daraja tu." Daraja gani linachukua kamisheni?

NYONGEZA saa 3 usiku: Naona mnaniambia "Durban maji machafu, una bahati hukuingia." Jamani, yale mafuriko ya Aprili 2022 yaliua watu zaidi ya 400 na kuharibu mitambo ya majitaka, ndipo fukwe zikawa zinafungwa kila mara. Hayo ni mambo mengine, msinichanganyie kesi. Uzi wangu ni wa mtu aliyepokea hela akijua huduma haipo.

Aliyeuliza chakula: kuleni bunny chow, mkate unatobolewa tumbo unajazwa mchuzi wa kondoo. Ni kazi ya Wahindi wa huko, ambao mababu zao walianza kuletwa mwaka 1860 kulima miwa. Unakula kwa mkono. Pekee nilichokula bila kusoma masharti.

Ninachotaka kwenu, hasa wanasheria: hela nimemlipa wakala hapa Dar, kwa shilingi, risiti ina mhuri wake. Naweza kumbana yeye, au ndiyo nitaambiwa niende kushtaki Afrika Kusini? Na aliyewahi kurudishiwa amana ya nyumba za namna hii aseme alipitia njia gani, asije na "pole mkuu" peke yake.

Jumatatu asubuhi niko Kariakoo. Dogo amesema tunakwenda wote, na ile vocha anakuja nayo.