Upepo wa Mau Narok: niweke tabaini ama nikae na sola?

mkulima_maunarok
Wadau habari zenu. Niko huku Mau Narok na mnajua upepo wa huku si mchezo, mabati yanalia usiku kucha, na mwezi wa saba jua lenyewe ni la kubahatisha. Sasa stima ikipotea tunakaa giza hadi kesho, na kuna jamaa ananiuzia tabaini, ile mashine ya upepo ya kutoa stima, ya kilowati moja anasema nitasahau mambo ya tokeni kabisa. Kuna mtu ako nayo?

fundi_kondele
Boss muulize hiyo kilowati moja inatoka upepo ukiwa kasi gani. Nyingi huwa ni mita 11 ama 12 kwa sekunde, na upepo ukishuka nusu hupati nusu ya stima, unapata kama moja kwa nane, hapo ndio watu hushikwa. Halafu usifunge kwa paa, upepo wa hapo umevurugika na nyumba itatetemeka, inataka mlingoti mrefu na huo mlingoti ndio bei yenyewe, plus beringi za kuangaliwa kila saa. Sola unapanguza tu vumbi. Mimi huku Kisumu upepo wa ziwa unakuja mchana, saa ile ile paneli zinafanya kazi, so haunisaidii. Wewe kama wako ni wa usiku hapo uko na point.

nyanya_wa_njoro
Upepo msiutukane, ule mradi wa Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana uko na tabaini 365, megawati 310, haunywi dizeli hata tone. Shida ni zile zingine. Mitambo ilisimama ikingoja laini ya stima ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa kwa gridi ya taifa, ikaunganishwa 2018, na serikali ikalipa faini ya mabilioni kwa kuchelewa, pesa yetu hiyo. Na huko upepo huvuma sana usiku wakati watu wamelala, stima haina wa kuitumia. Kinangop hapo juu nayo mradi wa megawati 60 ulikufa 2016 sababu ya mashamba, wenyewe walikataa.

mkulima_maunarok
Asanteni. Mlingoti anasema ni mita sita, na boma iko na mikaratusi pande mbili

fundi_kondele
Mita sita katikati ya mikaratusi?? 😂 Miti itaziba upepo wote, hiyo ni pambo kubwa. Ama ukate miti ama hiyo pesa uongeze betri.

mkulima_maunarok
Miti ni ya mzee, hiyo siwezi gusa. Betri basi, ya lithiamu ama ile ya asidi?